MABOMBA YANAYOVUJA MAJUMBANI: SABABU ZAKE, HATARI ZAKE NA WAJIBU WETU

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa wa Habari wa Wizara inayohusika na maji, mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wakaazi wa shehia za mjini. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuwahi kuyasikia.



Nimepewa jukumu la kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulishuhudia kwa macho yake, lakini ni wachache wanaojishughulisha kutafuta chanzo chake. Nalo ni kuvuja kwa mabomba ya maji ndani ya nyumba zetu na katika ofisi zetu. Mfereji unaotona usiku kucha, ukuta wenye unyevu usiokauka hata wakati wa kaskazi, tangi linalofurika juu ya paa: tumeyazoea mambo hayo hata tukadhani kuwa ni sehemu ya maisha. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonesha kwamba sivyo. Kuvuja kuna sababu zinazojulikana, na nyingi kati ya hizo zinaweza kuzuiwa kwa gharama ndogo. Aidha, nitaeleza kwamba hasara ya kuvuja haiishii katika maji yanayotoka, bali ipo hatari kubwa zaidi katika yale yanayoingia.

MAJI YA KISIWA

Kisiwa cha Unguja hakina mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima. Maji tunayoyatumia ni mvua ya masika na ya vuli iliyozama katika mwamba wa matumbawe na kuhifadhiwa chini ya ardhi, ikatoka katika chemchem, mapango na visima. Maji hayo matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari, na kwa hiyo huyaelea, mfano wa mafuta juu ya mchuzi. Tukiyavuta kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda na kisima huharibika. Kisima kilichoingia chumvi hakirejei katika hali yake kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo maji yanayomwagika uani si maji ya bure. Yamekwisha kuvutwa kutoka ardhini, yamesukumwa kwa umeme, yamepita katika mabomba yaliyonunuliwa kwa fedha za umma, na mwisho yakaishia katika mchanga. Wapo wasemao kwamba maji yaliyomwagika yamerudi ardhini yalikotoka, basi hapana hasara. Hoja hiyo haina nguvu. Maji yanayovuja mjini huishia katika misingi ya nyumba, katika mitaro, na katika mashimo ya vyoo. Huko hayarudi yakiwa maji ya kunywa.

Na tufanye hesabu kidogo. Matone ishirini hukadiriwa kufanya mililita moja. Mfereji unaotona tone moja kwa kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku, yaani zaidi ya lita 4 kwa siku na karibu lita 130 kwa mwezi. Hizo ni ndoo sita na zaidi za lita 20. Ama bomba linalovuja kwa uzi mwembamba wa maji, kiasi cha kujaza gilasi ya robo lita kwa dakika moja, hilo hupoteza lita 360 kwa siku. Hizo ni ndoo 18. Mama anayeamka alfajiri kupanga ndoo zake kisimani anajua vyema uzito wa ndoo 18.

SABABU ZA KUVUJA

Sababu ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni viungo. Bomba lenyewe ni nadra kupasuka katikati yake bila ya kuguswa. Mara nyingi udhaifu huwa pale linapounganishwa na jengine, au na kona, au na koki. Katika bomba la chuma, fundi hukata meno na kuzungushia katani yenye rangi au tepu nyeupe kabla ya kukaza. Tepu ikiwa chache, au ikizungushwa kinyume na upande wa kukazia, hukunjuka wakati wa kukaza na kiungo hubaki na njia ya maji. Katika bomba la plastiki la kugandishwa kwa gundi, kosa la kawaida ni haraka. Bomba halikufutwa vumbi, au lilikuwa na maji, au gundi haikuachwa kukauka, na koki kuu ikafunguliwa wakati fundi angali anakusanya vyombo vyake. Kiungo kama hicho kinaweza kustahamili wiki au mwezi, kisha kikaanza kutoa jasho. Vilevile kukaza kupita kiasi ni kosa. Wengi hudhani kwamba kadiri spana inavyosukumwa ndivyo kiungo kinavyokuwa imara, kumbe viungo vya plastiki huingia ufa usioonekana, na ufa huo hufunguka baadaye.

Sababu ya pili ni kutu. Mabomba ya chuma hupakwa zinki ili yasishike kutu. Lakini pale fundi anapokata meno, zinki huondoka, chuma hubaki kitupu, na unene wa bomba hupungua. Ndiyo maana kutu huanza kwenye meno kabla ya mahala pengine. Tukiongeza hewa ya chumvi ya kisiwa chetu, na desturi mbaya ya kujengea kwa mchanga wa pwani ambao haukuoshwa chumvi, bomba lililozikwa ukutani hulika kwa nje huku mwenye nyumba hana habari. Jambo jengine lisilofahamika na wengi ni kwamba chuma cha zinki kikiungwa moja kwa moja na shaba, chuma ndicho huliwa kwa haraka. Fundi mwenye ujuzi huweka baina yao kiungo cha plastiki ili madini hayo mawili yasigusane.

Sababu ya tatu ni jua na joto. Mabomba ya plastiki yaliyo meupe au ya kijivu yakiachwa juani juu ya paa au ukutani, baada ya miaka hupoteza ulaini wake na kuwa magumu mfano wa ganda la yai. Kisha pigo dogo tu la ngazi au la nazi iliyoanguka hulivunja bomba. Zaidi ya hayo, plastiki hurefuka inapopata joto na kufupika inapopoa. Bomba la mita 10 likizidi joto kwa nyuzi 20 baina ya alfajiri na adhuhuri, huweza kurefuka zaidi ya sentimita moja. Iwapo limebanwa ncha zote mbili bila ya nafasi, nguvu hiyo yote huangukia kwenye viungo, kila siku, mwaka hadi mwaka. Bomba linalopita juani lipakwe rangi ya maji nyeupe au lifunikwe, na vishikizo vyake viwe vya kulishikilia, visiwe vya kulinyonga.

Sababu ya nne ni mshindo wa maji. Maji yanayokwenda kwa kasi yakizuiwa ghafla hupiga bomba kama nyundo. Tunausikia mlio huo tunapofunga mfereji kwa nguvu, au pale maji yanaporejea baada ya kukatika. Jambo hili linatuhusu sana sisi ambao maji yetu hutegemea pampu, na pampu hutegemea umeme. Wakaazi wa Unguja hawajasahau kukatika kwa umeme kwa takriban mwezi mmoja kuanzia Mei 2008, wala kipindi cha takriban miezi mitatu baina ya Disemba 2009 na Machi 2010. Katika nyakati kama hizo mabomba hubaki matupu na kujaa hewa. Yakirejea maji, hewa husukumwa mbele, hubanwa kwenye kona, kisha huachia kwa kishindo. Viungo vilivyokuwa dhaifu hufichuliwa siku hiyo. Basi maji yanaporejea baada ya kukatika kwa muda mrefu, fungua koki kuu kidogo kidogo, na uache mfereji mmoja wazi hadi hewa imalizike kutoka.

Sababu ya tano ni vifaa vidogo vinavyochakaa. Ndani ya mfereji mna mpira mdogo unaozuia maji. Mpira huo huliwa kwa matumizi, na mtu anapouona mfereji unatona hukaza kwa nguvu zaidi, jambo linalozidi kuukata mpira na mwisho huharibu kikalio chake cha shaba. Maji yetu yanayotoka katika mwamba wa chokaa huacha ukoko mweupe, na ukoko huo huzuia vifaa kufunga sawasawa. Hali kadhalika boya la tangi na la choo cha kuvuta. Boya likitoboka na kuingia maji, au mkono wake ukipinda, koki haifungi na tangi hufurika kila maji yanapokuja. Wengi huwa wamelala, kwa kuwa mitaa mingi hupata maji usiku, na asubuhi huona ukuta umerowa wakadhani ni umande.

Sababu ya sita ni ulazaji mbaya wa mabomba. Bomba lililofukiwa kiganja kimoja chini ya ardhi hukanyagwa na gari, hupigwa jembe, na hulemewa na mizizi ya miti inayotanda kutafuta unyevu. Mtaro wa bomba uwe na kina kisichopungua nusu mita, na zaidi ya hapo panapopita gari. Chini yake utandikwe mchanga laini, kwa sababu jiwe la matumbawe lenye ncha likikaa chini ya bomba la plastiki litalitoboa kwa uzito wa udongo ulio juu. Bomba linaloning'inia ukutani bila ya vishikizo nalo halidumu, hasa pale watoto wanapolifanya pembea na watu wazima wanapolifanya kamba ya kuanikia nguo.

Sababu ya saba ni matengenezo ya kujishikiza. Bomba limepasuka, likafungwa kitambaa, juu yake kipande cha mpira wa baiskeli, na juu ya mpira kamba. Hapana ubaya kufanya hivyo usiku wa manane hadi fundi apatikane. Ubaya ni kwamba fundi haitwi tena, na kitambaa hicho huadhimisha mwaka wake wa kwanza na wa pili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili maneno yao ni ya kuchukuliwa kama yalivyo, kwani maji yanayovuja hula chokaa na udongo wa ukuta mpaka ukuta wenyewe ukaanguka. Wakaazi wa nyumba kongwe za mawe na chokaa wanalifahamu hilo zaidi kuliko mimi.

TUNDU LINALOTOA NDILO LINALOINGIZA

Ndugu wananchi, sasa nafika katika jambo ambalo ndilo lililonifanya niyaite mazungumzo haya ya dharura.

Bomba lililojaa maji yenye msukumo husukuma nje. Maji yakikatika, msukumo huondoka. Zaidi ya hapo, nyumba zilizoko mabondeni zinapoendelea kufungua mifereji yao, maji yaliyobaki katika bomba huteremka na kuacha utupu nyuma yake, na utupu huo huvuta. Huvuta nini? Huvuta chochote kilichoko nje ya tundu. Tundu likiwa limezungukwa na dimbwi, huvuta dimbwi. Bomba likiwa limepita kando ya shimo la choo au ndani ya mtaro wa maji machafu, huvuta hayo hayo. Maji yanaporejea, uchafu huo husukumwa mbele, na wa kwanza kuupokea ni yule aliyeamka mapema kukinga maji ya kunywa ya watoto wake.

Kwa hiyo tundu la bomba ni mlango wa pande mbili. Wakati wa maji hutoa, na wakati wa ukame huingiza. Pampu zinazofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa huzidisha balaa hili, kwa sababu huvuta kwa nguvu kutoka bomba ambalo tayari halina kitu. Mwenye pampu hujipatia maji, na pamoja nayo huyavuta machafu ya mtaa mzima, akawapelekea na jirani zake. Pampu ya nyumbani haina ruhusa ya kunyonya bomba la mtaa. Mahala pake ni baada ya tangi la chini, ivute kutoka tangini kwenda juu.

Historia yetu inatutaka tusilipuuze jambo hili. Ugonjwa wa kipindupindu uliripotiwa Zanzibar mwaka 1978, na umerejea mara kadhaa tangu wakati huo, ukiwemo mlipuko wa 2015 na 2016. Njia za ugonjwa huo ni nyingi, na sidai kwamba kila mgonjwa aliupata kutokana na bomba bovu. Lakini njia yake mama ni maji yaliyochanganyika na kinyesi, na bomba lililotoboka ndani ya mtaro ni mwaliko tulioupeleka kwa mikono yetu. Kwa hiyo maji ya mwanzo yanayokuja baada ya kukatika yaachwe yapite, yatumike kwa kuoshea uwanja au kumwagilia miti. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakiwa yanang'ara kama kioo.

NAMNA YA KUGUNDUA

Kuvuja kunakoonekana hakuhitaji mwalimu. Kusikoonekana kuna njia zake.

Kwa mwenye mita, funga mifereji yote usiku, hakikisha matangi yamejaa, kisha soma mita na uandike. Alfajiri, kabla mtu hajatumia maji, soma tena. Ikiwa namba zimesogea na maji hayakutumika, basi yapo yanapotoka. Kwa asiyekuwa na mita, tia alama ya chaki katika tangi, funga koki ya kuingizia maji, usitumie maji kwa saa chache, kisha utazame kama yameshuka.

Kwa choo cha kuvuta, tia rangi ya chakula kidogo katika tangi lake na ungoje nusu saa bila ya kuvuta. Rangi ikionekana chini katika bakuli, mpira wa tangi umechoka. Hasara hii haina mlio, na ndiyo maana inaweza kuendelea mwaka mzima.

Zaidi ya hayo, zitazameni alama. Rangi ya ukuta inayobambuka mahala pamoja, majani yanayostawi mahala pamoja wakati uwanja wote umekauka, mlio wa maji usiku wakati hakuna anayeyatumia: hizo zote ni taarifa. Nyumba inakwambia, nawe usijifanye hukusikia.

WAJIBU WETU

Kwanza, mwenye nyumba. Ajue koki kuu ya nyumba yake ilipo, na watu wote wa nyumbani wajue, wakiwemo watoto wenye akili. Koki hiyo ifungwe na kufunguliwa angalau mara moja kwa mwezi ili isigande, kwa kuwa koki isiyofungika siku ya ajali ni sawa na isiyokuwepo. Mipira ya mifereji michache iwekwe akiba ndani, kama tunavyoweka kibiriti na mshumaa.

Pili, fundi. Ndugu zetu mafundi bomba, heshima yenu ni kubwa katika jamii. Tunakuombeni kila kiungo kijaribiwe kwa maji kabla ya kufukiwa au kupigwa plasta. Mwenye nyumba naye asimharakishe fundi, wala asinunue bomba jembamba kwa sababu ya unafuu wa bei halafu akamlaumu mtu wa watu.

Tatu, ofisi za Serikali, na hapa nazungumza na watumishi wenzangu kwa uwazi. Mfereji unaovuja nyumbani kwetu hutukosesha usingizi kwa sababu tunalipa. Mfereji unaovuja ofisini, skuli au hospitali tunaupita asubuhi na jioni, tena tukiinua kanzu zetu tusirowe. Kila mmoja hungoja aripoti mwengine. Napendekeza kila ofisi imteue mtumishi mmoja atakayekagua mifereji, vyoo na matangi kila siku ya mwisho ya kazi kabla ya milango kufungwa, aandike alichokiona katika daftari, na mkuu wa ofisi atie saini. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Maji yanayovuja kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumatatu asubuhi hayana mtu wa kuyaona, na fedha zinazoyalipia zingeweza kununua chaki au dawa.

Nne, masheha na wakaazi kwa jumla. Bomba la mtaani ni dhamana ya Mamlaka ya Maji, lakini macho ya mtaani ni yenu. Mkiona maji yanabubujika njiani toeni taarifa siku hiyo hiyo, mtaje mahala kwa usahihi. Msikate wala kuunga bomba la umma bila ya idhini. Palipo na bomba linalopita ndani ya mtaro wa maji machafu, hilo lipewe umbele kuliko mengine yote, hata kama halijaanza kuvuja, kwa sababu siku litakapovuja hatutaona maji yanayotoka, tutaona wagonjwa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nihitimishe kwa ombi moja ambalo kila aliyepo hapa analiweza. Leo usiku, kabla ya kulala, kila mmoja wetu afunge mifereji yote, azime redio, na asikilize nyumba yake kwa dakika tano. Atakayesikia tone, asilitolee udhuru. Kesho amwite fundi, au anunue mpira mpya akautie mwenyewe. Na keshokutwa, akifika kazini, aisikilize na ofisi yake vivyo hivyo.